Nguzo zisizobeba kitu: kisa cha Sainsbury Wing

Mwaka 2023, mafundi waliokuwa wakibomoa nguzo katika ukumbi wa kuingilia wa Sainsbury Wing, jengo la ubavu wa magharibi wa National Gallery mjini London, walikuta barua ndani ya nguzo mojawapo. Ilikuwa imepigwa chapa kwa herufi kubwa tupu, kwenye karatasi ya maduka ya Sainsbury's, na tarehe yake ni 26 Julai 1990. Aliyeiandika ni John Sainsbury, mmoja wa ndugu watatu waliolipia jengo hilo. Barua inamwambia atakayeiona kwamba, ikiwa ameipata, basi bila shaka yumo katika kazi ya kubomoa moja ya nguzo za uongo zilizowekwa ukumbini. Mwandishi anaamini nguzo hizo ni kosa la msanifu, na kwamba wao waliomkubalia watakuja kujuta. Kisha anataka ijulikane kuwa mmoja wa wafadhili wa jengo amefurahi mno kwamba kizazi cha msomaji wake kimeamua kuachana na nguzo zisizo na haja.

John Sainsbury alifariki Januari 2022, kabla maneno yake hayajatoka kwenye zege.

Nguzo ya uongo ni ile isiyobeba dari wala ghorofa. Ukiing'oa, jengo linabaki limesimama vilevile. Iliwekwa pale ili isomwe, imkumbushe mtu nguzo nyingine mahali pengine. Ndiyo maana nakichukulia kisa hiki kuwa njia nzuri kuliko zote ninazozijua ya kueleza mwingilianomatini nje ya vitabu. Julia Kristeva, mwananadharia wa fasihi, alilileta neno hili Paris mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa anamsoma mhakiki Mrusi Mikhail Bakhtin, na kwake kila matini imeundwa kama mozaiki ya nukuu: inameza matini zilizotangulia na kuzigeuza. Madarasani kwetu neno limekaa zaidi kwenye riwaya na tamthilia. Lakini wachoraji na wasanifu wa usasaleo (postmodernism), waliokuja baada ya usasa na kuupinga, waliifanya nukuu kuwa kazi yao ya mchana kweupe, picha ikanukuu picha na ukuta ukanukuu ukuta. Sainsbury Wing ina yote mawili chini ya paa moja, pamoja na ugomvi wa miaka arobaini juu ya nani anazisoma nukuu hizo na kitu gani hutokea zisiposomeka.

Kabla ya kuingia London nataka kuweka mkononi kipimo tulicho nacho nyumbani. Ni takhmisi. Mshairi anachukua utungo wa mwenzake, mara nyingi aliyemtangulia kwa vizazi vingi, na kila ubeti anauongezea mishororo yake mitatu mbele ya miwili ya asili, ikawa mitano. Vina vya ile mitatu havichagui. Vimekwisha kuchaguliwa na mshororo wa asili unaofuata. Takhmisi ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, ndiyo mfano mkuu. Humo mshairi wa karne ya 18 anasimama mbele ya shujaa wa kale, anazungumza kwa kina cha shujaa huyo, anampisha amalize. Jambo la kushika hapa ni hili: utungo wa asili haukuachwa rafuni. Umo ndani ya ubeti, na msomaji anaziona sauti mbili kwa jicho moja. Asiyemjua Liyongo bado anamsoma Liyongo. Nitarudi kwenye kipimo hiki mara kwa mara, kwa sababu naamini kinatenganisha nukuu zilizofaulu na zile zilizoshindwa katika jengo hili.

Kiwanja chenyewe kilikuwa pengo. Upande wa kaskazini wa Trafalgar Square umeshikwa na jumba la William Wilkins, lililojengwa kati ya 1832 na 1838. Kando yake kulikuwa na duka la samani la Hampton's lililoharibiwa na mabomu ya Vita vya Pili vya Dunia. Pengo likabaki miongo kadhaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 serikali ilitaka kulijaza bila kutumia fedha zake: mwekezaji ajenge ofisi, juu yake vikae vyumba vya picha. Kampuni ya usanifu ya Ahrends, Burton na Koralek ikateuliwa, michoro ikabadilishwa, mnara ukaongezwa.

Tarehe 30 Mei 1984, katika jumba la Hampton Court, wasanifu wa Uingereza walikuwa wakiadhimisha miaka 150 ya chama chao. Mgeni wa heshima alikuwa Charles, wakati huo mwana wa mfalme mrithi. Badala ya kuwapongeza, aliwaambia kuwa mchoro ule unafanana na kituo cha zimamoto cha manispaa, pamoja na mnara wake wa king'ora, na kwamba ni kama jipu la kutisha usoni mwa rafiki mpendwa na mtanashati. Jipu hilo liliua mradi. Kibali kilikataliwa mwaka uleule, na mwaka 1985 ndugu wa Sainsbury wakajitokeza kulipia jengo ambalo halingekuwa na ofisi yoyote, la picha tu.

Hapa nina la kusema kuhusu huyo rafiki mtanashati. Jumba la Wilkins lilipofunguliwa lilikejeliwa na wakosoaji wa siku zake kwa kuba lake dogo na vijinara vyake, wakaliona nyonge kwa uwanja mkubwa kama ule. Tena Wilkins mwenyewe hakuanza na karatasi tupu: alitakiwa atumie upya sehemu za Carlton House, kasri lililokuwa limebomolewa, na mtindo wake wote ni nukuu ya Ugiriki na Roma. Kwa hiyo uso ule ulioonekana mwaka 1984 kuwa sura ya asili isiyopaswa kuguswa ulikuwa wenyewe umeshonwa kwa vipande. Miaka 150 ya kuuzoea ndiyo iliyofuta mishono. Nadhani Kristeva asingepata mfano ulio wazi zaidi.

Mwaka 1986 mashindano madogo ya kampuni sita, ikiwemo ya msanifu James Stirling, yaliwapa ushindi Wamarekani wa Philadelphia: Robert Venturi na Denise Scott Brown, mke na mume. Venturi alikuwa ameandika mwaka 1966 kitabu kilichowatikisa wasanifu wenzake, Complexity and Contradiction in Architecture. Ludwig Mies van der Rohe, mzee wa majengo ya chuma na kioo, alikuwa anajulikana kwa kauli kwamba kidogo ndicho kingi. Venturi akaichukua sentensi ileile, akabadilisha neno la mwisho: kidogo kinachosha. Hata tangazo la vita lilikuwa nukuu.

Scott Brown alizaliwa mwaka 1931 Nkana, kwenye migodi ya shaba ya Zambia ya leo, akakulia Johannesburg, akaja London kusoma mwaka 1952. Amewahi kusema kwamba macho aliyoitazamia Las Vegas aliyapata Afrika, naye ndiye aliyemvuta Venturi kwenda kuutazama mji ule wa mabango na taa, safari iliyozaa kitabu chao cha 1972, pamoja na Steven Izenour. Alikulia mahali ambapo vitabu na vipimo vya uzuri vilitoka Uingereza, na nje ya dirisha ilikuwako nchi nyingine kabisa. Wengi wetu tuliosomeshwa kwa vitabu vya aina hiyo tunaelewa bila kuelezwa: mtoto wa namna hiyo hujifunza mapema kwamba mtindo ni lugha inayosafiri, na kwamba mtu aweza kuisema vizuri bila kuwa amezaliwa ndani yake. Sioni kuwa ni bahati tu kwamba mkono uliounukuu uso wa London kwa uhuru namna ile ulitoka katika nyumba ya watu wawili wa pembeni, mmoja Mmarekani na mmoja wa Afrika.

Sasa tusimame uwanjani. Wilkins aliupamba uso wa jumba lake kwa nguzo bapa za Kikorintho, zile zilizochomoza kidogo tu ukutani, zenye majani yaliyochongwa vichwani, naye akazipanga kwa mwendo wa taratibu. Venturi na Scott Brown walitumia jiwe lilelile la Portland, wakazichukua nguzo zilezile kwa kimo na kichwa, wakazipeleka upande wa pili wa njia ya waenda kwa miguu. Kwenye pembe iliyo karibu na jumba la zamani, nguzo zimesongamana. Zimekunjana, moja inaingia nyuma ya nyingine, kama watu waliosukumana mlangoni ili waone kilicho ndani. Kisha kadiri ukuta unavyosogea magharibi zinaachana. Pengo kati yao linakua. Mapambo yanapungua. Mwishowe zinakoma, na ukuta unaendelea wenyewe, mtupu, hadi barabarani. Kuna madirisha yasiyofunguka kamwe kwa sababu ni maumbo tu ukutani. Kati ya bapa zote ipo nguzo moja ya mviringo, inayokodolea macho nguzo ndefu ya ukumbusho wa jemadari Nelson katikati ya uwanja. Na chini kabisa, milango mikubwa ya mraba imekatwa kama kwa msumeno bila kujali nguzo zilizo juu yake, kana kwamba jiwe lote ni karatasi.

Msomaji wa takhmisi anaona kilichofanyika. Mishororo mipya imefuata kina cha asili kwa ukali kabisa pale inapokaribiana nacho, halafu pole pole imejiruhusu kusema lake. Ukitembea kutoka mashariki kwenda magharibi unausikia wimbo wa Wilkins ukitamkwa kwa haraka, ukipumua, ukinyamaza. Na kwa sababu Wilkins mwenyewe yuko palepale, hatua chache tu, huhitaji digrii ya historia ya sanaa. Mtoto anaweza kunyoosha kidole: hii ni ile. Akishaona kuwa hii ni ile, swali linalofuata, kwa nini basi hazikupangwa sawa, analiuliza mwenyewe.

Wako waliouchukia ukuta huu kutoka pande zote mbili. Wanausasa waliona ni uoga: mtu ameaibishwa na hotuba ya mwana wa mfalme, akavaa nguo za babu. Wapenzi wa mtindo wa kale waliona ni dhihaka, kwamba sarufi ya nguzo ina kanuni zake za nafasi na idadi, nawe huzivunji ukadai unaheshimu. Mimi naona makundi yote mawili yalisoma nusu ya ubeti. Kundi la kwanza liliishia pembeni pale nguzo zilipobanana, la pili liliishia pale zilipoanza kupotea.

Ubavu unaotazamana na jumba la zamani una ukuta mkubwa wa kioo, na nyuma yake ngazi pana inapanda kuelekea vyumba vya picha. Kioo hicho ni lugha ya Mies, adui wa zamani, amepewa nafasi yake ndani ya nyumba. Unapopanda, nje unaliona jumba la Wilkins, na ukutani kando yako yamechongwa majina ya wachoraji wa Italia unaokwenda kuwatazama. Juu ya kichwa zimepita tao za chuma zinazokumbusha vituo vya reli vya enzi ya Victoria; nazo hazibebi paa. Ziko kama tumbuizo. Hapa pia nukuu ni ya uongo kihandisi, na sijasikia mtu akiandika barua ya kuzilaani. Tao hazimzuii mtu njia, na hilo si jambo dogo, kama tutakavyoona.

Waswahili husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Vyumba vya juu, 16 kwa idadi, ndivyo vilivyowanyamazisha hata wengi waliouchukia uso wa jengo. Vinahifadhi picha za tangu katikati ya karne ya 13 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Mwanga unatoka juu, umechujwa, kwa namna iliyojifunza kutoka kwa Dulwich Picture Gallery ya msanifu John Soane, kusini mwa London. Milango ina fremu za jiwe la kijivu linalokumbusha makanisa ya msanifu Brunelleschi kule Florence, yaani picha nyingi zimepewa ukuta unaosema lafudhi ya kwao. Mwaka 1991, aliyesimama kwenye daraja la mviringo linalounganisha majengo mawili na kutazama magharibi aliona tao nyuma ya tao, kila moja ndogo kidogo kuliko iliyotangulia. Jicho likadanganyika, likaona masafa marefu kuliko yaliyopo. Mwisho wa masafa hayo ilining'inizwa picha kubwa ya altareni ya Cima da Conegliano, aliyoichora kati ya 1502 na 1504: mtume Tomaso akimtia Yesu mfufuka kidole ubavuni, kwa sababu hakuwa tayari kuamini asichokigusa.

Sijui mahali pengine ambapo msanifu amemnukuu mchoraji kwa undani hivi. Hila ya kufanya bapa lionekane lina kina ndiyo iliyowafanya wachoraji wa Italia wa karne ya 15 kuwa wao. Kwa kawaida hila hiyo huishi ndani ya fremu. Hapa imetoka nje ya fremu, ikakalia sakafu na kuta, mtembeaji akawa yumo ndani ya mchoro akielekea kwa mtu anayetilia shaka macho yake. Na bado asiyejua lolote kati ya haya anapata alichokuja kukitafuta: njia ndefu nzuri yenye picha mwisho wake.

Malkia Elizabeth wa Pili alilifungua jengo tarehe 9 Julai 1991. Mwaka huohuo tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kuliko zote katika usanifu majengo, ilipewa Venturi peke yake. Maombi yaliyoanzishwa na wanafunzi wa Harvard mwaka 2013 ili jina la Scott Brown liongezwe yalikataliwa. Nalitaja kwa sababu ya neno moja katika ile barua ya nguzoni. Kiingereza chake kinamlaumu msanifu mmoja, mwanamume, kwa mchoro "wake". Hata lawama Scott Brown alinyimwa.

Picha ambayo ingepaswa kuwa maarufu zaidi katika kisa hiki haikutundikwa katika vyumba vile 16. Iliwekwa mgahawani.

Mwaka 1990 National Gallery ilimwalika Paula Rego, mzaliwa wa Lisbon aliyeishi London, kuwa msanii wake mshirika wa kwanza: apewe studio ndani ya jumba, achore kwa kujibu hazina iliyomo. Kwanza alikataa. Alisema hazina ile ni ya kiume na kwamba yeye, mwanamke, hangekuta humo cha kumfaa. Kisha akabadili nia. Kwa ajili ya mgahawa wa jengo jipya akachora Crivelli's Garden, kazi ya vipande vitatu kwa rangi ya akriliki, yenye urefu wa karibu mita 10.

Jina linamtaja Carlo Crivelli, Mvenisi wa karne ya 15. National Gallery inayo picha yake kubwa ya altareni, Bikira Maria akiwa amekaa na mtoto, na mbayuwayu juu yao. Chini ya picha kubwa upo ukanda wa picha ndogo, kama ilivyokuwa desturi: watakatifu, mateso, jangwa, joka. Watu huutazama ukanda huo kwa nusu dakika. Rego alikaa hapohapo. Alichukua vile vipande vya mandhari na ujenzi vilivyo nyuma ya watakatifu wadogo, akajiuliza bustani ya bwana huyu ingekuwaje mtu akiingia, akaijenga: nyua, ngazi, chemchemi, kuta za vigae vya buluu na vyeupe vya kwao Ureno. Ndani yake akawaweka wanawake. Bikira Maria yumo, Maria Magdalena yumo, Mtakatifu Katarina, Delila. Walivyovaa na walivyosimama si wa Italia ya karne ya 15. Ni watu aliowajua, wakiwemo wafanyakazi wa National Gallery yenyewe, aliowaomba wamkalie kama vielelezo. Visa vyao alivichota katika mikusanyo ya habari za watakatifu ya Zama za Kati na katika hadithi za kale, na kwenye vigae alichora hadithi nyingine tena, za buluu.

Pima ukubwa. Hadithi zilizokuwa zimebanwa kwenye ukanda wa chini, miguuni pa kiti cha enzi, zimekua hadi kujaza ukuta wa mita 10. Kiti cha enzi hakipo. Rego hakumshambulia Crivelli wala hakumchora upya. Alizungumza kutoka mahali pale ambapo Crivelli mwenyewe alikuwa amepunguza sauti. Nikiirudia takhmisi, ni kama mshairi aliyeamua kuanzia kwenye mshororo wa mwisho kabisa wa utungo, ule unaosomwa kwa haraka watu wanapoinuka, akautungia beti mia. Kati ya kazi zote za usasaleo nilizopata kuzisoma, hii ndiyo inayonishawishi zaidi kwamba kunukuu kwaweza kuwa tendo la haki.

Hata hivyo ilikosa kitu kimoja ambacho ukuta wa nje unacho. Crivelli alikuwa katika chumba kingine. Mtu aliyekaa mgahawani na sahani yake aliona wanawake wengi, buluu nyingi, na jina la kigeni kwenye kibao. Zaidi ya miaka 30 ikapita hivyo. Kati ya Julai na Oktoba 2023, Rego akiwa amefariki mwaka mmoja kabla, National Gallery ilizionyesha pamoja katika chumba kimoja: bustani, na altare iliyoizaa. Ndipo ubeti ukakamilika. Ningeomba zisitenganishwe tena, lakini hilo halimo mikononi mwangu.

Turudi sasa kwenye ukumbi wa chini na nguzo zake. Katika fikra za wasanifu, ukumbi ule ulikuwa kama chumba kilicho chini ya kanisa kongwe, ambamo dari ni fupi, giza kidogo, nguzo nene. Mtu aingie kutoka kwenye kelele za uwanja, mwili wake uhisi uzito, halafu apande ngazi kwenye mwanga. Uzito huo ulihitaji nguzo nyingi kuliko mhandisi alizozihitaji. Zilizobaki zikawa za uongo. Kama wazo, naliheshimu sana. Ni wazo la mtu anayejua kwamba jengo husomwa kwa mabega na magoti kabla ya kusomwa kwa akili.

Lakini jengo lililojengwa kuwa ubavu likageuka kuwa mlango mkuu wa jumba zima, na makundi makubwa ya watu yakapitishwa mle. Penye foleni, mizigo inayokaguliwa na watoto wa shule waliopangwa wawili wawili, nguzo nene isiyobeba kitu inakuwa nguzo nene iliyokaa njiani. Mwaka 2018 jengo lilikuwa limeorodheshwa katika daraja la juu kabisa la majengo yanayolindwa kisheria Uingereza. Pamoja na hayo, mpango wa msanifu Annabelle Selldorf wa kufungua dari, kuondoa baadhi ya nguzo na kuleta mwanga uliwasilishwa mwaka 2022. Waliowahi kuwa marais wa chama cha wasanifu, wanane kwa idadi, waliandika kupinga. Scott Brown, mwenye umri wa miaka zaidi ya 90 na mjane tangu 2018, alisema hadharani kuwa jengo lao linafanywa lionekane kama mchekeshaji wa sarakasi. Kibali kilitolewa. Ukumbi ulifunguliwa tena tarehe 10 Mei 2025.

Niliegemea upande wa Scott Brown kwa muda mrefu. Hukumu yangu sasa imegawanyika, na kipimo cha takhmisi ndicho kilichoigawanya. Nguzo za nje zinanukuu kitu kinachoonekana. Tao za njia ya picha zinanukuu hila iliyomo ndani ya picha zilezile. Nguzo za ukumbini zilinukuu chumba cha chini ya kanisa ambalo halipo; juu yake hapakuwa na kanisa ila jumba la picha, na nje palikuwa na mabasi. Mshororo wa asili uliachwa kitabuni, akabaki msomaji na mishororo mitatu isiyo na miwili yake. Kwa mtu huyo nguzo ile haikusema chumba cha kale. Ilisema pita pembeni.

Upande wa pili, siwezi kuungana na furaha ya barua. Uzito na giza vilikuwa nusu ya sentensi ambayo nusu yake nyingine ni mwanga wa juu. Ukiingia leo kutoka uwanjani kwenye ukumbi mweupe wenye nafasi, ngazi inakupandisha kutoka kwenye mwanga kwenda kwenye mwanga. Kitu fulani kilichokuwa kinatokea mwilini hakitokei tena, na hakuna kibao kitakachokirudisha. Tena naogopa hoja ya kuwa kila kisichoeleweka mara moja na kila mtu kiondolewe. Kwa hoja hiyo ukanda wa chini wa Crivelli ungekatwa zamani.

Kinachobaki ni ile karatasi yenyewe. Fikiria John Sainsbury mwaka 1990: amelipa, amebishana, ameshindwa, maana mwenye fedha alikubali kumwacha msanifu afanye kazi yake. Hakutumia fedha kulazimisha. Alichagua njia ya mtu wa kalamu: akaandika maelezo pembeni ya matini ya mwingine, akayaweka mahali ambapo yangesomwa tu siku matini hiyo itakapofutwa. Nguzo isiyobeba dari ilikuwa imebeba kwa miaka 33 hoja dhidi yake yenyewe, na sasa barua hiyo imo katika nyaraka za kudumu za National Gallery, na tarehe yake, na herufi zake zote kubwa.